Nani Apokee Zamu? Kulinganisha Njia za Kumpumzisha Mlezi wa Mtu Mwenye Ulemavu, Mtwara na Lindi

Korosho huanza kuanguka mwezi wa 9, na ukifika wa 10 shamba halimsubiri mtu. Zisipookotwa zikapigwa na mvua za mwanzo, zinashuka daraja ghalani, na familia inalipwa kwa daraja hilo hilo. Hiyo ndiyo miezi ambayo mama mwenye kijana asiyeweza kukaa wala kujilisha mwenyewe hubanwa kuliko miezi mingine yote. Akibaki nyumbani, mavuno yanaharibika. Akienda naye, atamlaza kwenye mkeka chini ya mkorosho, penye siafu na kivuli kinachohama. Akimwacha na mdogo wake wa miaka 9, huyo mdogo hakwenda shule siku hiyo. Nimeyaona yote matatu katika nyumba moja, ndani ya wiki moja.

Huduma ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo mtu aliyejitolea, asiye wa nyumba hiyo na asiyelipwa mshahara, anapokea zamu ya mlezi kwa saa chache, kwa siku nzima au kwa usiku mmoja, ili mlezi aende shambani, aende kliniki, alale, au ahudhurie arobaini ya ndugu yake bila kuangalia saa. Jambo hili halikuachiwa hisani peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja huduma ya kumpumzisha mlezi waziwazi katika ibara ya 28, miongoni mwa misaada ambayo watu wenye ulemavu na familia zao wanaoishi katika umaskini wanastahili kuipata kutoka serikalini. Marekani waliitungia sheria yake mahususi mwaka 2006. Katika vijiji vya Newala, Tandahimba, Ruangwa au Kilwa, anayepokea zamu mara nyingi ni jirani, mama mwenzako wa kikundi cha wazazi, au kijana wa msikitini au wa kwaya, na ni familia yenyewe inayobaki kuamua awe nani, mahali gani na kwa muda gani. Nimekua pamoja na kaka mwenye mtindio wa ubongo, kisha ukubwani nikawa mmoja wa wanaojitolea, kwa hiyo ninayoyaandika yametoka katika nyumba yetu na katika nyumba za wenzetu.

Njia zinazochaguliwa zaidi ni tatu: mtu wa kujitolea kuja nyumbani kwenu, familia nyingine kumpokea mtu wenu kwao, na siku ya pamoja, ambapo watu wenye ulemavu kadhaa hukusanyika mahali pamoja, darasani, ukumbini au uwanjani mwa msikiti au kanisa, wakiwa na kundi la wanaojitolea.

Anza na saa iliyo ngumu

Wengi huanza kwa kuuliza nani ana moyo wa huruma, au nani yuko karibu. Kwa maoni yangu swali la kwanza ni jingine: katika siku nzima ya mtu wenu, ni saa ipi ambayo kosa moja linaweza kumletea madhara? Njia ya kuchagua ni ile inayoweza kuibeba saa hiyo.

Kwa kaka yangu ilikuwa saa ya uji. Alipaswa kukalishwa wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, kamwe kisilazwe nyuma. Kijiko kilikuwa kidogo, cha chai, na kilijazwa nusu. Ukishamtilia mdomoni unaangalia koo mpaka lipande na kushuka, ndipo unachota kingine, na kikombe kimoja kilichukua dakika 40. Baada ya hapo alikaa wima nusu saa nyingine kabla ya kulazwa. Mwaka mmoja tulimweka msichana wa kutusaidia, mwenye bidii na adabu, ambaye siku ya tatu alimlisha akiwa amemlalisha mkononi kama mtoto mchanga, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowalisha wadogo zake kwao. Uji ulimpalia, usiku homa ikapanda, na tukalala naye hospitalini siku tisa kwa ugonjwa wa mapafu. Sikuweza kumlaumu yule msichana wakati ule, na siwezi leo. Tulimwonyesha jiko, ndoo na mahali pa sabuni, kijiko hatukumwonyesha.

Nyumba nyingine saa ngumu ni ya kifafa. Huko anayepokea zamu lazima ajue kwamba dawa hutolewa kwa saa ile ile kila siku na hairukwi, kwa kuwa kukatisha ghafla dawa kama fenobabitali kunaweza kuleta degedege kali kuliko lile lililokuwepo. Kwamba mtu akianguka hulazwa ubavu, huondolewa vitu vya kumuumiza, na hatiwi kijiko wala kitambaa mdomoni. Na kwamba degedege likipita dakika 5 safari ni ya hospitali, wala halihitaji kusubiri kauli ya mzazi. Kwa mtoto mwenye usonji anayependa kutoka mbio, saa ngumu ni ile ambayo mlango uko wazi na barabara iko karibu. Kwa aliyelala kitandani muda mrefu ni usiku, kwa sababu hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya mgandamizo. Kwa mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, hakuna saa maalumu: akianza kutapika, kulegea na kusinzia isivyo kawaida, huyo ni mgonjwa wa dharura wakati wowote.

Mtu kuja nyumbani, au nyumba nyingine kumpokea?

Hizi mbili ndizo zinazochanganya watu, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Anayekuja nyumbani anakuta kila kitu mahali pake: kiti kilichotengenezwa na fundi kwa kipimo cha mwili wa mtoto, mto wa kuegemezea, kikombe anachokijua, sauti ya kuku na majirani wale wale. Mtu asiyesema, anayetegemea mazoea ili aelewe siku yake inakwendaje, hapotezi chochote mlezi wake anapotoka. Pia mlezi anaweza kufundisha kwa vitendo, papo hapo, na kumsahihisha mpokeaji bila kumwaibisha. Kwa mwenye saa ngumu ya kulishwa, ya dawa au ya kugeuzwa, sioni njia inayoishinda hii.

Udhaifu wake ni kwamba haitoshi kwa muda mrefu. Mtu aliyejitolea atatoa saa tatu au nne, mara moja au mbili kwa wiki. Ukimwomba alale, unaomba jambo jingine kabisa. Udhaifu wa pili hausemwi sana: mama wengi, mgeni akiwa ndani, hawapumziki. Wanafagia kabla hajafika, wanapika kwa ajili yake, wanabaki wakizungumza naye kwa heshima, na saa nne zinaisha bila mama kutoka kizingitini. Anayechagua njia hii lazima akubali kutoka. Nimewahi kumwambia mama mmoja wa Mikindani, "Mama, mimi sikuja kama mgeni, nimekuja kushika zamu, chai nitajipikia." Alicheka, lakini ilipita mwezi mzima kabla hajaniachia jiko.

Nyumba inayompokea mtu wenu inatoa kile ambacho ile ya kwanza haiwezi: usiku mzima wa kulala, au siku mbili za kusafiri. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takribani kilomita 200, na anayekwenda kufuatilia matibabu au mirathi hawezi kuahidi kurudi jioni. Kwa kijana anayekula mwenyewe na anayeweza kueleza, hata kwa ishara, kwamba ana njaa au anaumwa, nyumba ya pili inampa pia marafiki na mahali pengine pa kujulikana kwa jina lake. Nimewaona vijana waliorudi kutoka siku mbili za namna hiyo wakiwa wamejifunza kuosha vyombo, jambo ambalo kwao hawakuwahi kuruhusiwa kulijaribu.

Lakini nyumba hiyo ina watu wengi kuliko yule mmoja aliyejitolea. Kuna mume, vijana, wapangaji, wageni wa msimu. Unapomkubali mama wa nyumba unawakubali wote, na kwa sababu hiyo mimi simshauri mtu kuanza na njia hii. Inafaa kuwa hatua ya pili, baada ya mtu yule yule wa nyumba hiyo kuwa amekuja kwenu kwa miezi, akala na mtu wenu, akamwogesha mbele yenu. Tena, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ukoo wao huhesabiwa upande wa mama, mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Mama aliyempeleka mwanawe kulala kwa watu bila kumjulisha mjomba anaweza kusaidiwa usiku mmoja akagombana na ukoo mwaka mzima. Ni bora kumwita mapema, kumweleza, na ikiwezekana yeye ndiye aende kuiona nyumba hiyo.

Siku ya pamoja

Njia hii ni rahisi kuianzisha, na kwa watoto wanaopenda wenzao ni ya furaha kuliko zote. Watu wanane wa kujitolea wakikusanyika Jumamosi wanaweza kuwapokea watoto wanane kwa uangalizi wa karibu, huku wazazi wakipata asubuhi nzima. Na wazazi wenyewe, wanapokutana mlangoni, huambizana fundi gani anatengeneza viti, kliniki ipi ina mtaalamu wa viungo, na namna gani ya kumvalisha aliyekakamaa mikono. Maongezi hayo ya mlangoni yameniokolea muda kuliko semina yoyote niliyohudhuria. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili anayetembea na kusema, ningeichagua hii kabla ya nyingine.

Ila nauli inaihukumu. Kumbeba mtoto wa miaka 12 mwenye viungo vilivyokakamaa kwenye bodaboda ni hatari, na bajaji ya kwenda na kurudi inaweza kula fedha ambayo mama angeipata kwa asubuhi hiyo ya kazi. Ukumbi usiopangwa vizuri una makelele yanayomtesa mwenye usonji, na choo cha shule chenye ngazi humshinda mwenye kiti cha magurudumu. Tena siku ya pamoja ina tarehe yake: kama msiba au kliniki imeangukia Jumanne, Jumamosi haikusaidii. Na chunguza hesabu ya watu. Wanaojitolea watano kwa watoto kumi na watano si mapumziko kwa mzazi. Atakaa nyumbani roho ikiwa kule.

Kuhusu ndugu, msaidizi wa kulipwa na shule ya bweni, nitasema machache. Ndugu ni wa kwanza kuombwa na wa kwanza kuchoka, na bibi mwenye miaka 70 hapaswi kumnyanyua kijana wa kilo 40. Msaidizi wa kulipwa ana faida ya kuwepo kila siku, ikiwa familia inamudu ujira wake na itamfundisha. Shule ya bweni yenye kitengo maalumu ni elimu, na ichaguliwe kwa sababu za elimu. Anayempeleka mtoto huko ili tu apumzike atakumbana na likizo akiwa hana mpango wowote.

Usalama, na maneno magumu ya kusemwa mwanzoni

Mtu asiyeweza kusema hawezi kushtaki. Hilo peke yake latosha kutufanya tuache aibu. Kabla ya mtu yeyote kuachiwa zamu, mpeni jina lake mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe. Mtu mwema hatakasirika kuulizwa anatoka wapi na ni nani wanaomfahamu. Siku ya pamoja ina faida hapa, kwa sababu macho ni mengi, mradi iwepo kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani au chooni bila mwingine kuwaona. Nyumbani kanuni hiyo haiwezekani kikamilifu, kwa hiyo jirani aambiwe zamu ni ya nani na awe huru kupiga hodi wakati wowote. Kuogesha na kubadilisha nguo kupangwe kwa jina: nani atamwogesha binti, nani hatamwogesha.

Mtu wenu naye aulizwe. Asiyesema husema kwa mwili: akimwona fulani anakunja mikono, anageuza uso, anaacha kula. Kaka yangu alikuwa na mtu mmoja ambaye kila akiingia, yeye alifumba macho mpaka atoke. Hatukuwahi kujua sababu, na hatukusubiri kuijua. Yule mtu hatukumwita tena. Penye shaka ya kuumizwa, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, na katika polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mwenye ualbino, ongeza tahadhari ya safari: njia na saa zake zisitangazwe, na mpokeaji ajue kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si mambo ya hiari.

Gharama na kalenda

Kujitolea si bure kwa anayejitolea. Nauli, sabuni anayoitumia, chakula cha mchana, salio la kupiga simu akikwama: familia au kikundi kikiyaacha yote mabegani mwake, atakuja mara nne kisha ataugua mara ya tano. Kuja nyumbani ndiko kwenye gharama ndogo ikiwa mpokeaji ni wa kijiji hicho hicho. Kumpokea mtu kwenye nyumba nyingine kunahitaji unga, dawa na nguo za kubadilisha vipelekwe pamoja naye. Siku ya pamoja ina gharama kubwa zaidi ya usafiri, lakini pia ndiyo rahisi kuombewa mchango, kwa kuwa inaonekana. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa, pale inapofanya kazi, ni mlango mzuri wa kupeleka ombi hilo kwa mtendaji.

Kalenda ndiyo inayovunja mipango mingi ya kusini. Wanaojitolea nao wana mikorosho. Mwezi wa 10, mama mwenye haja kubwa kuliko wote anakuta kila aliyeahidi yuko shambani kwake. Kwa hiyo, unapolinganisha watu wawili wenye moyo sawa, mtazame pia kama ana shamba. Mwalimu mstaafu, mama wa genge anayefungua jioni, kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado yuko nyumbani: hao wana nafasi wakati wengine hawana. Mahali ambapo wote ni wakulima, wazazi wa watoto wenye ulemavu wanaweza kubadilishana siku, huyu akaokota Jumatatu na yule Jumanne, na hiyo nimeiona ikifanya kazi vizuri pale ambapo watoto wao wana mahitaji yanayofanana. Msimu wa unyago huwavuta wanawake wengi kwa siku kadhaa, na mwezi wa Ramadhani aliyefunga apangiwe asubuhi, asiachiwe kazi ya kunyanyua mtu mzito saa 10 jioni.

Ningechagua vipi

Kama mtu wenu analishwa, ana kifafa kisichotulia au hawezi kujigeuza, chukueni wa kuja nyumbani, na wawe wawili wanaopokezana, ili mmoja akiugua msirudi mwanzo. Kama anatembea, anakula na anatamani watu, siku ya pamoja itangulie na nyumba ya kumpokea ifuate baadaye. Kama tatizo kuu ni usiku, hakuna njia ya mchana itakayolitatua hata ikiwa ya bei nafuu kiasi gani. Tafuteni nyumba ya kumpokea kwa taratibu niliyoieleza, au mtu anayekubali kulala kwenu mara moja kwa wiki. Kama hali inabadilika, kwa mfano mtoto amekua na uzito umezidi, linganisheni upya. Chaguo la miaka mitatu iliyopita halina hadhi ya mila.

Lolote mtakalochagua, liandikieni daftari. La kwetu lilikuwa na ukurasa mmoja tu wa maelekezo, umebandikwa ndani ya jalada: "Saa 2 asubuhi dawa, nusu kidonge, kwenye uji wa kijiko kimoja. Saa 4 uji, akae wima. Akikohoa acha kumlisha, mwinamishe mbele, subiri. Akikunja miguu ana haja ndogo. Akicheka peke yake mwache." Chini ya hapo kila mpokeaji aliandika saa na alichokiona, na mama akirudi aliuliza, "Mwanangu, leo amekula?" na kabla hajajibiwa alikwisha kulichukua daftari.

Anzeni mwezi wa 7, wakati mikorosho inapigwa salfa, msingoje mavuno. Mara mbili za kwanza mlezi abaki chumbani na aache mikono yake kando. Mara ya tatu akae uani. Ya nne aende dukani, nusu saa, bila kurudi kuchungulia. Mama yangu siku hiyo ya dukani alifika barazani kwa jirani, akakaa, na baada ya dakika kumi alikuwa amerudi, akidai amesahau kikapu. Alisahau kikapu wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne alikwenda mpaka sokoni. Mwezi wa 10 ulipoingia aliokota korosho mpaka saa 6 mchana, akarudi akakuta kikombe kimeoshwa, kaka amekaa wima kwenye kiti chake, na kwenye daftari imeandikwa: "Saa 4 na dakika 45. Amemaliza chote."